Roza Nilizozipandishia Udongo Kama Viazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye lango la masista wa Butembo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jembe begani. Matanga ya mume wangu yalikuwa yamekwisha wiki mbili tu. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza bustani wa nyumba ile, na Mama Mkuu, yaani sista aliyeongoza nyumba yote, alikubali nipewe nafasi yake kwa kujaribiwa. Nilikuwa na watoto wanne na elimu ya darasa la tano. Maua sikuyajua. Nilitoka Masereka, kwenye viazi, kabichi na poro, ile mboga ndefu ya jamii ya kitunguu.

Mama Mkuu alilitazama jembe langu, akanisalimu kwa Kinande.

"Wavukire, Mama Masika. Bwana yako alikuwa anatumika na sekateri, hapana na jembe."

"Sekateri nitajifunza, Mama Mkuu. Jembe ninaijua tayari."

Alicheka kidogo, akanionyesha kibanda cha vyombo. Sekateri, mkasi ule mfupi wa kukatia matawi, ilikuwa imetundikwa pale mume wangu alipoiacha. Niliishika, nikaanza kazi. Sitasema zaidi juu ya asubuhi hiyo.

Bustani ilikuwa na roza za aina mbili, na anayetaka kazi hii aanze kwa kujua tofauti yake. Za kwanza zilikuwa ndefu, zenye ua moja kubwa juu ya kila tawi, ua la kupeleka altareni. Hizo huletwa zikiwa zimeunganishwa: chini kuna shina la roza ya mwitu lenye mizizi ya nguvu, juu limefungwa tawi la roza nzuri, na pale zilipokutana pamevimba kama goti. Zinataka dawa kila baada ya mvua kubwa, la sivyo majani yanaota madoa meusi na kuanguka. Za pili zilikuwa roza za kichaka, fupi na pana, zenye maua madogo yanayotoka kwa mafungu. Zilikuwa nyuma ya jiko, karibu na kamba za kuanikia nguo, na hakuna aliyezijali. Mume wangu alizipenda zile ndefu. Alizijua moja moja.

Aliyekuwa hazipendi hata kidogo ni Sista Ekonome, ambaye alishika matumizi ya nyumba.

"Hizi roza zinakunywa dawa kupita bagonjwa," alikuwa akisema kila akipita. "Tungeweka sima hapa, gari zingepata fasi." Alitaka pamwagwe saruji, magari yaegeshwe.

Mvua za mwezi wa tisa zilipoanza, niliona maji yanachimba udongo kwenye mashina. Kwetu Masereka, kiazi kikionyesha mizizi unakipandishia udongo, na mavuno yanakuwa mazuri. Nikafanya hivyo. Kwa siku tatu nilivuta udongo kwa jembe nikazifunika roza ndefu hadi juu ya goti, na zile za nyuma ya jiko nazo, matuta yakanyooka kama shamba. Sentineli, mlinzi wa lango, alikuja kutazama.

"Mama Masika, kumbe unajua kazi! Bamasista watavuna lini? Uniwekee kitunga moja."

"Wewe chunga mulango yako," nikamjibu. Nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nihisi njaa ya kweli.

Kabla ya Noeli roza ndefu zilianza kuwa njano. Nilipofukua, ganda la mti pale kwenye goti lilikuwa jeusi na laini, likitoka kwa kidole. Goti linataka hewa na jua, nami nilikuwa nimelizika kwenye udongo wenye maji. Zilikufa karibu zote. Mume wangu alikuwa amezilea miaka kumi na moja, mimi nikazimaliza kwa miezi mitatu.

Bwana mmoja wa kilimo alipita kuwasalimu masista, akatazama toka mbali, akasema ni ugonjwa uliokuja na miche. Mama Mkuu akaniita ofisini. Sista Ekonome alikuwa amesimama dirishani.

"Agronome anasema iko ugonjwa," Mama Mkuu akaanza. "Weye unasema nini?"

Nilijua kwamba nikijibu ndiyo, kazi inabaki, na watoto wanabaki shuleni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona mume wangu akipanguza majani yale kwa kitambaa, moja moja, nikashindwa kuyasema.

"Hapana ugonjwa, Mama Mkuu. Ni miye. Nilizipandishia udongo sawa viazi. Zimeoza."

"Sawa viazi!" Sista Ekonome akageuka. "Donc tulikuwa na muuaji ndani ya lupango, ndani ya uzio yetu, na tulikuwa tunamulipa!"

Mama Mkuu hakucheka.

"Mama Masika, mutu mwenye kuniambia ukweli siwezi kumufukuza siku ileile. Mais siwezi kununua maua mara mbili. Mupaka mwezi wa sita hii bustani ijae. Sitanunua muche hata moja, wala dawa. Ikishindikana, Sista ataweka sima, na weye utarudia Masereka na batoto."

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, niondoe udongo kwenye zile za kichaka kabla nazo hazijafa. Nilifukua kwa mikono, taratibu. Matawi yaliyokuwa chini ya tuta hayakuwa yameoza. Yalikuwa yametoa mizizi, myeupe, myembamba kama nyuzi, kwa kila tawi peke yake. Nilikaa chini kwenye matope nikaitazama.

Roza ya kichaka inakubali kuishi kwa mizizi yake mwenyewe. Haina goti, haihitaji shina la mwitu. Kosa lililoua zile ndefu lilikuwa limenizalia miche nyuma ya jiko. Nilikata kila tawi chini ya mizizi yake, nikafupisha juu hadi macho matatu, yaani zile alama ndogo ambapo chipukizi hutokea, nikapanda kwenye kivuli cha ukuta. Walipopata nguvu niliwahamisha. Nasema "walipopata" kwa sababu hapo nilikuwa nimekwisha kuwahesabu kama watu.

Matawi yaliyobaki nikayapandishia udongo tena, safari hii kwa kujua. Kati ya mche na mche niliacha hatua moja na nusu, upepo upite kati yao ukaushe majani. Hiyo ndiyo dawa yao ya madoa meusi. Nilimwagilia asubuhi, chini kwenye mguu, si juu ya majani. Maganda ya jikoni niliyaozesha shimoni. Kukata nilikata mara moja kwa mwaka, mwezi wa saba, theluthi moja ya urefu. Maua yakinyauka huanguka yenyewe, huna haja ya kuyaondoa moja moja.

Mwezi wa sita Mama Mkuu alizunguka bustani yote, mikono nyuma. Maua yalikuwa toka langoni hadi kanisani. Sista Ekonome alimfuata.

"Na dawa?" Sista akaniuliza.

"Hakuna dawa, Sista."

"Na mbolea?"

"Maganda ya viazi ya jiko yenu."

Alifikiri. "Bon. Sima nitaipeleka kwenye choo."

Mama Mkuu alinishika mkono, akanishukuru kwa Kinande. "Wasingya, Mama Masika." Hakuniita wa kujaribiwa tena.

Baada ya miaka nane alinituma Beni, masista walikokuwa na nyumba ya wageni. Beni ni chini kuliko Butembo na kuna joto. Niliambiwa roza haziwezi. Nilibeba miche arobaini juu ya lori, imefungwa kwenye majani ya ndizi. Nilipofika nilifunika udongo kwa maganda ya kakao yaliyotoka Oicha, kuzuia jua lisichome mizizi. Mwaka wa kwanza zilisimama tu. Mwaka wa pili hazikuacha kuchanua.

Halafu yakaja yale mauaji ambayo kila mtu wa Beni anayajua. Tulifunga nyumba, tukarudi Butembo, tukakaa miezi saba. Niliporudi, majani ya porini yalinifika kiunoni. Mahindi ya jirani yalikuwa yamekauka, uzio wa maua mengine ulikuwa umelala. Nikafyeka njia hadi mlangoni. Pande zote mbili roza zilikuwa hai, zimechanua ndani ya majani, hakuna aliyezimwagilia wala kuzikata tangu tulipoondoka. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kujivuna kama siku ile, na sioni aibu kuandika hivyo. Kisha nilikaa kwenye ngazi nikawalilia wale ambao hawatarudi kuziona.

Baadaye nilirudishwa Butembo, na huko nilistaafu, magoti yalipokataa kuinama. Mama Mkuu wa sasa, ambaye bado ni kijana, aliagana nami kwa heshima, akanipa kitambaa na baraka. Nikamuuliza nani atachukua nafasi yangu, nimwonyeshe kazi.

"Hapana mutu, mama yangu," akasema polepole, kama anayeogopa kuniumiza. "Tumeona haina lazima. Maua yako yanajitunza. Sentineli atakata mwezi wa saba."

Iliniuma. Nafasi ile niliipigania kwa ajili ya watoto wangu, na ilikuwa ya mume wangu kabla yangu. Kazi yangu njema ndiyo iliyoifunga. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikiamka saa kumi na moja na kuvaa buti bila pa kwenda.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilipita karibu na lango. Mwanamke mmoja mgeni, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amesimama mbele ya roza akimuuliza sentineli, kijana ambaye hanijui:

"Nani anatunza haya maua? Nataka nimuulize dawa gani anatia."

"Hakuna mutu, mama," kijana akajibu. "Ziko tu vile. Tangu zamani."

Nilimkaribia yule mwanamke, nikamwambia achukue jembe nyumbani kwake, aje kwangu kesho, nimwonyeshe kazi.