Flashi Tano za Mwalimu

Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika na wote isipokuwa dada yake mkubwa. Mtaani aliitwa Hakifi, kwa sababu kila aliyemletea kompyuta iliyozima au simu iliyotumbukia ndooni alijibiwa neno lilelile kabla kitu chenyewe hakijaguswa: "Hapa kwangu hakifi kitu." Ukweli usemwe, vingine vilikufa. Lakini fundi huyu alijua kutoa tanzia. Alimkalisha mwenye mali kwenye kigoda, akamweleza taratibu, kisha akamwonyesha ubao aliouandika kwa mkono wake na kuupigilia juu ya meza: NAKALA MOJA SI NAKALA. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, na kila mteja aliyeinuka kwa haraka baada ya mahubiri hayo aligonga kichwa.

Mke wake alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa miaka ishirini na sita watu wote walimwita Mwalimu, hata mumewe. Alikuwa na sauti ya kuita watoto tisini kutoka upande wa pili wa uwanja. Kwa hiyo alipoanza kukwaruza kooni, kila mtu alisema ni chaki, na yeye mwenyewe akasema ni chaki, mpaka daktari akasema si chaki. Kisanduku cha sauti kilipaswa kuondolewa chote, na siku ya upasuaji ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Kama nina la kusema, niseme sasa?" Mwalimu aliuliza.

"Sema yote, mama," daktari alijibu.

Akasema yote. Alitundika mablanketi kwenye dirisha la chumba cha kulala ili mwangwi upungue, akakaa kitandani na simu mapajani, akawa anajirekodi kila alasiri. Watoto wanne, kila mmoja na maneno yake. Wajukuu ambao hawajazaliwa, nyimbo za kuhesabu na hadithi zote alizowahi kuwasimulia watoto wa watu. Jumla zilifika rekodi arobaini na tatu. Mumewe kazi yake ilikuwa kulinda mlango na kunyamazisha dunia. Kusikiliza alikatazwa.

"Na yangu?" alimuuliza.

"Yako ipo. Utaisikiliza nikiondoka. Sasa hivi nipo, nisikilize mimi."

Ikabaki swali la mahali pa kuziweka. Hard diski ya nyumbani ilikuwa imeanza kugugumia, na fundi anaijua sauti hiyo kama daktari anavyojua kikohozi. Lakini kabatini alikuwa na flashi tano za aina moja, ukubwa mmoja, alizoachiwa na ofisi iliyofunga milango, na kifaa cha matundu saba chenye umeme wake. Akachomeka zote tano kwenye kompyuta ya pembeni ya sebule, akakaa nazo siku mbili, akazifunga kwa programu zikawa kitu kimoja. Wanaosomea mambo haya wanaiita reidi. Mwalimu alikuwa ameshatoka hospitali wakati huo, shingo imefungwa, na kila alichotaka kusema alikiandika kwa chaki kwenye kibao kidogo cha shule. Aliandika: *Nifundishe.*

Hakifi akajikuna. Hakuwa amewahi kumfundisha mwalimu.

"Kila neno lako nalikata vipande vinne, kila flashi inashika chake. Flashi ya tano inashika jumla. Sasa moja ikifa, nachukua ile jumla, natoa zilizobaki, napata iliyokufa ilikuwa imeshika nini. Si ndiyo hesabu zako zile? Tatu jumlisha ngapi ni saba?"

Mwalimu akacheka. Kicheko chake sasa kilikuwa pumzi tupu na mabega yanayotikisika, lakini kilikuwa kicheko. Akafuta kibao, akaandika: *Kwa hiyo ni darasa. Na zikifa mbili?*

"Mbili haziwezi kufa pamoja," alisema fundi. Miaka thelathini ya kazi, na bado alisema hivyo.

Kuanzia siku hiyo ile reidi iliitwa darasa. Mwalimu hakuweza kuona wanafunzi watano wamevaa sare bila majina, akaleta rangi zake za kucha. Nyekundu akampaka kifungua mimba, binti yao muuguzi. Zambarau ikawa ya kijana wa pili, dereva wa malori. Ya waridi ilimwangukia wa tatu, kinyozi, ambaye alilalamika sana. Ya dhahabu ikaenda kwa kitinda mimba. Rangi zikaisha, na flashi ya tano, ya baba, ikapakwa ule wino mweupe wa kufutia makosa. Aliandika kibaoni kwamba kati ya wote yeye ndiye aliyehitaji kusahihishwa zaidi, kisha akauliza: *Yangu iko wapi?*

"Wewe umo ndani ya zote," alisema fundi, na akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Mganga hajigangi. Darasa lilipokubali kufunguka, na rekodi zote arobaini na tatu zikaonekana zimo, Hakifi alizifuta zile za kwenye simu ili simu ipate nafasi. Kama ungekuwa mteja aliyefanya hivyo, angekukalisha kwenye kigoda mpaka mchana.

Mwalimu aliishi miaka miwili na kibao chake. Alipofariki, watu walijaa mpaka barabarani, wengi wao watu wazima waliojifunza kusoma mbele yake. Watoto walikuwa wakijua tangu zamani kwamba mama yao aliwawekea maneno na kwamba kila mtu ana rangi yake. Kuhusu kukata vipande na kutoa kwenye jumla hawakujua lolote. Baba yao aliona ni mambo ya ufundi. Siku ya kugawana vitu vya marehemu, dada yake Hakifi, shangazi wa watoto, mwanamke mwenye mikono isiyotulia, aligawa nguo, akagawa vikombe, akafika kwenye kompyuta ya pembeni. Akazichomoa flashi moja moja, akampa kila mtoto ya rangi yake, na watoto wakazipokea kwa mikono miwili. Ya tano akaenda kumtia kaka yake mfukoni mwa koti, nje kwenye benchi la wanaume.

"Na hii yako," alimwambia.

"Asante, dada," alijibu. Mtu angemtia jiwe mfukoni siku hiyo, angeshukuru vilevile.

Miezi minne ilipita. Kompyuta ile alikuwa ameifunika kwa mtandio wa mkewe, na hakuifunua. Alikuwa na haki ya kusikiliza rekodi yake sasa, na ndiyo maana hakuthubutu. Angeisikiliza mara moja, na mkewe angekuwa amemaliza maneno.

Kisha kitinda mimba akajifungua. Siku ya tisa alipiga simu, mtoto analia nyuma yake.

"Baba, nataka kumwekea mwanangu nyimbo za bibi yake. Nimechomeka flashi yangu kwenye kompyuta, inasema haijafomatiwa. Inauliza niifomati? Nibonyeze ndiyo?"

"Usiguse!" Hakifi alipiga kelele mpaka mteja akasimama na kugonga kichwa. "Chomoa. Chomoa, mwanangu, usiguse kitu. Hiyo flashi umeitoa wapi?"

Alipoelezwa jinsi shangazi alivyozigawa, na kwamba ya baba aliitia mfukoni mwa koti, alifunga kibanda saa nne asubuhi. Akawapigia wote. Ya dereva ilikuwa ndani ya bati la biskuti, haijawahi kuchomekwa popote. Ya kinyozi ilikuwa ndani ya soksi. Aliwaambia waje Jumamosi, waje nazo, wasizichomeke hata kwenye redio. Simu ya kifungua mimba iliita muda mrefu.

"Yangu ninayo," alisema. "Ipo kwenye gari. Nimetia nyimbo."

Fundi akamuuliza nyimbo zimeingiaje humo.

"Ilikuwa tupu, baba. Nilijifungia chumbani nimsikilize mama, kompyuta ikaniambia hakuna kitu, nifomati. Nikajua hakuifikia zamu yangu. Mimi ndiye niliyemvalisha, niliyemlisha kwa mrija, na kwangu hakufika." Sauti yake ilikuwa kavu. "Nililia wiki nzima. Halafu nikabonyeza ndiyo."

"Haikuwa tupu, mama yangu," Hakifi alisema. Akamwambia aje nayo Jumamosi.

Lakini alipokata simu, hesabu ilimjia, na hesabu ilikuwa nzuri. Flashi moja imekufa. Darasa linaruhusu moja kukosekana. Zimebaki ya zambarau, ya waridi, ya dhahabu na yake mwenyewe. Nne zinatosha, iliyokufa itapatikana kwa jumla. Usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu msiba, na asubuhi alinyoa ndevu.

Jumamosi walikaa sebuleni wote wanne, mtandio ukaondolewa. Kitinda mimba alikuwa amempakata mtoto. Hakifi akachomeka ya zambarau, ya waridi, ya dhahabu. Kila moja iliwasha kijitaa chake. Kisha akaenda chumbani kuchukua koti.

Mfukoni hamkuwa na kitu.

Alipekua mifuko yote, akapekua kitanda. Akatoka bila kuwaambia, akaenda kibandani kwake karibu anakimbia. Juu ya meza, ndani ya kopo la jemu, zilikaa flashi zake za kazi, zile za kuwekea wateja programu. Akazimwaga. Ya tatu aliyoishika ilikuwa ya aina ileile, nyeusi, imechakaa kama wenzake. Akaigeuza kwenye mwanga. Kwenye ufa mdogo karibu na tundu la kamba kulikuwa na alama nyeupe, ndogo kuliko punje ya mchele. Wino wa kufutia makosa ulikuwa umebanduka karibu wote mfukoni mwa koti.

Aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa siku ya kwanza kurudi kazini, amevaa koti lilelile. Alikuja dada mmoja mwenye haraka, kompyuta yake imezima na mtihani wake ni kesho. Fundi alitia mkono mfukoni, akapata flashi, akaisafisha yote bila kuitazama, akaiwekea mfumo wa kufufulia kompyuta. Ikafufuka, na yule dada akamkumbatia. Tangu siku hiyo flashi ile ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya mara ngapi, hakuwa na idadi.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Kabla ya hapo hakuwahi kukikalia. Akalia mpaka mama muuza nguo wa kibanda cha pili akaja kusimama mlangoni, akamtazama, akaondoka bila kuuliza.

Aliporudi nyumbani alikuta sauti zimepanda. Dereva alikuwa amesimama.

"Kwani ulishindwa kuuliza?" alikuwa akimwambia dada yake. "Mdogo wako kauliza! Wewe msomi, unabonyeza tu. Umemuua mama mara ya pili!"

Kifungua mimba alikuwa ameishika ile nyekundu kiganjani, na machozi yalimtiririka bila kuyafuta.

"Kaa chini," alisema Hakifi. Dereva akakaa. "Moja iliruhusiwa kufa. Niliifunga hivyo kwa mikono yangu. Kama ingekuwa hiyo ya dada yenu peke yake, sasa hivi tungekuwa tunamsikiliza mama yenu." Akaiweka ile nyeusi juu ya meza. "Ya pili ni hii. Hii nimeiua mimi, kazini, bila kuitazama. Na nakala sikuweka. Mimi."

Aliichomeka pamoja na zile tatu, kwa sababu fundi hajui kuacha kujaribu. Akaandika amri. Kompyuta ikahesabu darasa lake, ikajibu kwamba waliopo ni watatu, na watatu hawatoshi. Akaandika tena. Ikajibu vilevile. Kinyozi akainuka akaenda kusimama dirishani. Mtoto alianza kulia, na kitinda mimba akambembeleza kwa wimbo wa kuhesabu, akafika sita, akasahau mstari unaofuata, na hapakuwa na wa kumkumbusha.

Baada ya muda mrefu kifungua mimba akasogea, akakaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake.

"Kwa hiyo yangu ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Ndiyo aliyoanza nayo. Siku ya kwanza kabisa."

"Alisema nini?"

"Alinikataza kusikiliza."

"Lakini ulikuwa mlangoni, baba. Ulisikia hata kidogo?"

Hakifi alikunja mtandio wa mkewe mara mbili, kisha mara nne.

"Nilisikia mwanzo. Alikohoa, akarudia, akakohoa, akarudia, mara tano. Alisema, 'Mwanangu wa kwanza, usinikasirikie.'"

"Nisimkasirikie kwa nini?"

"Sijui, mama yangu. Jirani seremala alikuwa anagonga misumari. Nilitoka mbio kwenda kumwomba aache, ili sauti ya mama yako itoke safi. Niliporudi alikuwa amemaliza."