Breki ya Pambo

Mjini Mansura hapakuwa na pikipiki iliyotazamwa kama ya fundi Wagih. Iliundwa Ucheki zamani hizo, ikaja kufia kwenye lundo la vyuma chakavu, Wagih akaifufua kwa mikono yake miwili. Aliirefusha miguu ya mbele, akaunda tangi jipya, ekzosi akaitengeneza kwa bomba la shaba alilolisugua mpaka likang'aa, na kiti akampa fundi wa matandiko ya farasi akishone. Ikipita mbele ya mkahawa, wachezaji dhumna walisahau zamu ni ya nani.

Wapenzi wa mitambo ya kale hawasemi upande wa pili, basi acha niuseme. Pikipiki ile iliwaka ilipotaka yenyewe. Ilivujisha mafuta ukumbini na ilikunywa petroli bila haya. Kipuri kikivunjika hakuna duka la kukiuza. Utakichonga mwenyewe au utakiota usingizini. Nagat, mkewe Wagih, alizoea kusema, "Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na gereji." Hayo yote Wagih aliyajua, na mapenzi yake hayakupungua hata chembe.

Lakini kulikuwa na jambo alilolijua peke yake. Breki ya mbele haikuwepo. Aliiondoa kwa sababu gurudumu lile jembamba lilipendeza zaidi likiwa tupu katikati. Alipokwisha kuiondoa, usukani ukabaki na mkono mmoja tu, ule wa klachi, ukafanana na mtu aliyenyoa sharubu upande mmoja. Basi akafunga mkono wa pili, wa shaba, akautia springi ili ubanike vizuri, na waya wake akaupitisha hadi ndani ya taa ya mbele. Waya uliishia humo humo. Yeye mwenyewe alitumia breki ya mguu, akipunguza mwendo mapema, na hakuwahi kupata ajali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wahenga waliyasema hayo na pikipiki hawakuiona.

Nagat alikuwa na mdogo wake wa kiume, Bayumi, mchukuzi wa mikate. Kila asubuhi alipanda baiskeli, mkono mmoja usukani, mwingine umeshika chano kikubwa cha mbao kichwani, mikate imepangwa juu yake, akapenya katikati ya magari. Hakuwahi kuangusha hata mkate mmoja. Siku ya kumchumbia Ibtihal alikuja kwa Wagih amevaa suti.

"Shemeji, niazime leo tu. Nikifika na baiskeli, babake atadhani nimeleta mikate."

"Ukiikwaruza, nami nitakukwaruza."

Majirani walikuwa wamekwisha jaa barabarani. Wagih akamwonyesha bomba la petroli, akamfundisha kuiwasha. "Kiki mbili za upole, ya tatu ya hasira. Breki ya mguu ni nzito, ikanyage mapema." Akafungua kinywa aendelee. Jirani mmoja aliyekuwa akipiga picha akasema, "Fundi, hata mkono wa breki umeuremba kama bangili ya bibi harusi!" Watu wakacheka kwa kuipenda, na Wagih akaona haya. Angesemaje mbele yao kwamba bangili ile ni bangili kweli? Akajiambia atamnong'oneza akipanda. Bayumi akapanda, vigelegele vikapigwa, akaenda zake.

Chini ya daraja mkokoteni wa mapera ulikata barabara. Bayumi, kwa mazoea yake ya baiskeli, alibana ule mkono kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Mguu ulipokumbuka kazi yake, alikuwa tayari katikati ya mapera, mfupa wa mtulinga begani umevunjika.

Hospitali alimshika Wagih kwa mkono ulio mzima. "Nilibana, shemeji. Wallahi nilibana, haikushika." Kisha akapunguza sauti. "Au sikubana? Niambie wewe unayeijua."

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Nagat alisimama pale, na baba yake Ibtihal pia, na wote walikuwa wakimtazama Wagih.

"Mtu akishtuka, mkono husahau," akasema. "Hutokea."

Bayumi akatikisa kichwa taratibu. "Basi ni mkono wangu. Nisamehe, nimekuvunjia kipenzi chako."

Tangu hapo Wagih hakuonja raha. Mfupa wa Bayumi uliunga, lakini baiskeli hakuigusa. Alisema anaogopa mkono utasahau tena, amuue mtoto wa watu. Tanurini wakamweka dirishani agawe mikate, na watu wa foleni hawakumhurumia. "Bayumi, ubane huo mkate usije ukaanguka!" Baba yake Ibtihal naye alikuwa na yake: "Asiyeweza kushika breki atashikaje nyumba?" Aliyasema kwa kicheko, lakini tarehe ya harusi hakuitaja.

Kila alasiri Bayumi alikuja karakana kusaidia kuijenga upya pikipiki aliyoamini ameivunja. Wagih alimpa tangi alisugue, akamweka mbali na sehemu ya mbele. Nyumbani ikawa taabu nyingine. "Mwache afanye kazi, mzembe yule," Nagat alisema akimpakulia mboga ya mulukhiya. "Mtu unampa mali yako kwa moyo mweupe, yeye anakurudishia chuma." Kila alipomtetea mumewe, Wagih aliisukuma sahani kando. Wagih alijitafutia visingizio: si nilimwambia habari ya mguu? Si kila anayepanda chombo cha kale anajua kina tabia zake? Nafsi ikamsuta: chombo kina tabia zake, lakini uongo ule ni wako.

Mwishowe akaamua kuung'oa mkono ule na kuutupa kwenye mfereji wa maji, yaishe. Alirudi karakana kutoka kununua nati akiwa na nia hiyo hiyo. Akamkuta Bayumi ameketi juu ya fremu, macho ameyafumba, anaubana mkono wa shaba, anauachia, anaubana tena.

"Unafanya nini?"

"Naufundisha mkono," Bayumi akasema bila kufumbua macho. "Najiambia: mkokoteni huo! Kisha nabana. Leo haujasahau hata mara moja, shemeji."

Wagih akakaa juu ya kopo la rangi.

"Acha, Bayumi. Huo mkono haufungi kitu. Ni pambo tu."

Bayumi akatabasamu. "Usinibembeleze."

Wagih akainuka, akafungua taa ya mbele, akavuta waya mpaka ncha yake ikatoka, akaiweka kwenye kiganja cha shemeji yake. Bayumi aliitazama ile ncha, akaigeuza, akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye usukani.

"Pale hospitali nilipokuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nimeuchukia mkono wangu," Bayumi akasema. "Wangu mwenyewe." Akashuka, akafuta vidole kwa tambara, akatoka.

Jioni Wagih alimweleza Nagat. Mkewe hakupiga kelele. "Umenifanya nimtukane ndugu yangu kwa kinywa changu," akasema, akavaa mtandio, akaenda kulala kwa mama yake.

Asubuhi Wagih alikwenda tanurini, foleni ikiwa imefika barabarani. Hakuna aliyemtuma. Akasimama mbele ya dirisha na kusema kwa sauti kwamba Bayumi alibana, kwamba breki ilikuwa ya uongo, kwamba yeye ndiye aliyeiweka, na kwamba alimwachia kijana wa watu lawama ili abaki na sifa. Aliyekuwa hodari wa kutania akaanza kutazama viatu vyake.

"Na ulikuwa unangoja nini, mwanangu?" bibi mmoja akauliza. "Afe ndipo useme?"

Wagih alitamani watu wamtukane, lakini walimtazama tu, na haya ikamchoma mpaka masikioni.

Bayumi alikuwa amesikia yote. Alimwachia mwenzake dirisha, akatokea mlango wa pembeni akisukuma baiskeli. Mpishi mmoja akamtwika chano. Akanyoosha shingo. Wagih akamsogelea, mikono mbele, amsaidie kushika.

"Sogea, fundi," Bayumi akasema. "Unanizibia njia."

Wagih akasogea. Aliendelea kusimama pale mpaka baiskeli ikapotea kwenye kona, akingoja neno "shemeji", na halikuja.