Mkono Wangu Kifuani mwa Babu

Enzi zetu, mtoto wa kwetu Nyamache, milimani Kisii, hakuamshwa na simu. Aliamshwa na moshi wa jikoni na sauti ya mama ikiuliza kama maji yatapanda yenyewe kutoka mtoni. Tulishuka na mitungi kichwani, magunia mabegani kwa ajili ya baridi, na umande ukatulowesha hadi magotini. Wakati wa kucheza tulikalia maganda ya mgomba tukateleza mteremko mzima, nguo zikachanika, tukachapwa, na kesho yake tukarudi. Jioni kulikuwa na ugali wa wimbi na chinsaga, mboga iliyochemshwa na maziwa mpaka uchungu wake ukapungua. Wajukuu wangu wakiionja wanakunja uso. Wanapenda vibanzi vya mjini, halafu wanahema kwenye kilima ambacho mimi bado nakipanda na fimbo yangu.

Wenzangu mliokulia huko mnayakumbuka haya yote, na najua mnayakosa kama mimi. Lakini kitu ninachokililia zaidi si chinsaga wala maganda ya mgomba. Ni mikono ya mama yangu.

Kanisa letu lilikuwa dogo, la nyasi na udongo, na sakafu yake tuliisiriba sisi watoto kwa samadi kila Jumamosi. Mama alikuwa mwimbaji tu, hakuwa na cheo. Ila mtoto akishikwa na degedege au mwanamke akishindwa kujifungua, watu walikuja kumwita Mama Moraa. Moraa ni mimi. Aliacha jembe, akanawa mikono, akaenda. Huko alimwekea mgonjwa mkono, akaomba kwa maneno machache na sauti ya chini, kama anayeongea na mtu aliye chumba kimoja naye. Wengi walipona. Wasiopona alikaa nao mpaka mwisho. Hakupokea hata yai.

Mzee wa kanisa alikuwa Babu Nyakundi, ndugu wa baba yake baba yangu. Alikuwa amesoma misheni, na mmisionari alipotufundisha kwamba karama za uponyaji na unabii zilikoma pamoja na mitume, kwa kuwa sasa tuna Biblia, Babu ndiye aliyetutafsiria. Akamwita baba na kumwambia kwamba mkewe achague: aache kuwawekea watu mikono, au asiikaribie tena Meza ya Bwana. Hakumwambia mama mwenyewe. Kwa mila zetu alikuwa baba mkwe wake, na baina ya mkwe na mke wa mwana kuna ensoni, ile haya ambayo haiwaruhusu hata kupeana mkono.

Mama hakubishana. Alisema hawezi kumfukuza mtoto wa mtu mlangoni. Basi siku za Meza ya Bwana aliketi benchi la nyuma, mkate ukampita, na mimi kando yake nikaona aibu isiyo yangu. Mikono yake aliiweka mapajani, imetulia, inanuka sabuni ya mche.

Kisha, katika masika, Babu akashikwa na kichomi. Wanaume walimbeba kwa machela waende hospitali ya Kisii, wakakuta mto umefurika na daraja la magogo limekwenda na maji. Wakamrudisha. Alikuwa anapumua kwa kukoroma, midomo imekuwa ya kijivu, na wazee walikuwa wameshaanza kunong'ona mahali pa kumzika. Nyanya, mkewe, ndiye aliyetuma mtu kwa mama.

Mama alikuja upesi, akafika ukumbini, akasimama. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe, sembuse kumgusa kifua. Mtu aliyemkataza karama yake alikuwa anakufa nyuma ya ukuta wa udongo, na hata kama angesamehewa mara elfu, mkono wa mama usingeweza kumfikia. Nyanya akalia, akasema mvua yote hii, na bado ensoni juu yake.

Lakini mjukuu hana ensoni na babu yake. Mimi nilikuwa nikimvuta ndevu, naye akiniita mke wake mdogo na kunidai uji. Mama akaniangalia.

"Moraa, ingia. Mwekee mkono kifuani, usiuondoe mpaka nikwambie."

Niliingia. Kifua kilikuwa cha moto, kinapanda na kushuka vibaya, na nilitamani kukimbia. Nje, chini ya ukingo wa nyasi unaodondosha maji, nilimsikia mama ameegemea ukuta anaomba, kwa sauti ileile ya chini. Siwezi kuwaeleza ilichukua muda gani. Najua mkono uliniwaka, nikadhani ni moto wa homa yake, kisha nikauhisi unapoa polepole na kile kifua kikatulia chini yake. Babu akafungua macho. Akauliza uji uko wapi.

Kabla sijaondoka alinishika vidole. "Kamwambie mama yako," akasema, "Jumapili nitasimama niyaseme haya mbele ya watu."

Nilikimbia na maneno hayo kwenye matope kama niliyepewa ng'ombe. Mama aliyasikiliza, akageuka, akapangusa uso kwa kanga. Maji yalipopungua, watu walileta dawa ya unga kutoka zahanati, na Babu akainywa akiwa ameshaanza kutembea na mkongojo.

Jumapili ile mama alifunga kitambaa cheupe na kunipaka mafuta mpaka miguuni. Hatukukaa benchi la nyuma. Tulikaa katikati. Lakini mmisionari naye alikuwa amekuja siku hiyo, ameketi mbele na kofia yake magotini. Tuliimba wimbo wa kwanza, tukaimba wa pili, Babu akasimama. Alimshukuru Mungu kwa uzima. Aliwashukuru waliobeba machela. Aliishukuru dawa ya zahanati. Kisha akamtazama mmisionari, akafungua Biblia mahali palepale alipotutafsiria zamani, akatufundisha tena kwamba karama zile zilikoma na mitume.

Mama hakutoka. Aliimba wimbo wa mwisho kama kawaida. Lakini juma lile mwanamke mmoja alipofika na mtoto mgongoni, mama alimwambia kwa upole ampeleke zahanati, kwa kuwa yeye hana kitu. Hakumwekea mtu mkono tena. Baadaye nilipougua malaria nilimsihi aniguse kichwa aniombee. Alinipa kwinini, akaketi kando yangu hadi nikalala, mikono ameifungia ndani ya kanga. Nililia, na sikulilia homa.

Walimrudishia Meza ya Bwana. Babu, kila mgomba wake ulipoiva, aliniita nikampelekee mama mkungu wa kwanza. Mama alipokea, akasema asante. Kwenda kumwomba radhi mwenyewe Babu asingeweza, na nadhani alishukuru kwamba ensoni ilimkataza. Alikufa akiwa mzee wa kanisa, tukamlilia sote, mama akiwa mmoja wetu.

Siku hizi miujiza haina uhaba. Mjini Kisii kuna vipaza sauti kila kona, mafuta ya upako yanauzwa kwenye chupa, na mgonjwa hajasimama vizuri simu zimeshampiga picha. Vijana hawa wangemwona mama yangu wangemuuliza ukurasa wake uko wapi. Na wale wajukuu wangu waliosomea dini nao wanabishana mezani hadi chai inapoa. Juzi mmoja wao alinigeukia.

"Nyanya, wewe unaonaje? Karama zilikoma na mitume, au bado zipo?"

Nilimwambia mitume siwajui. Za mama yangu zilikoma Jumapili moja pale Nyamache, baada ya wimbo wa pili, na mimi nilikuwa nimeketi kando yake.