Hatukukubali Kurudishwa kwa Mdachi

Miaka michache kabla ya vita vya pili, ulienea uvumi Kinondoni kwamba Mwingereza anataka kuturudisha kwa Mdachi, yule Mjerumani aliyetutawala kabla yake. Mie nilikuwa mke wa mtu tayari, lakini bado nililima na mama shamba letu la upande wa Kawe.

Mhindi wa dukani, Shia aliyezaliwa papa hapa Dar, ndiye aliyekuwa akitusomea magazeti. Siku moja alilikunja gazeti kabla hajamaliza.

"Wakubwa wa Ulaya wanaogopa vita," akasema. "Mdachi anadai makoloni yake ya zamani. Wapo wanaosema bora apewe Tanganyika, atulie."

"Apewe?" mama akauliza. "Kwani sie sahani ya pilau?"

Tulicheka, lakini mama mwenyewe hakucheka.

Jirani yetu wa shamba alikuwa Mdachi mwenye mkonge. Haikupita wiki akaja na fimbo yake, uso umemnawiri. "Muhogo huu ung'oeni," akasema. "Serikali yetu ikirudi, mpaka utapita hapa." Akachora mstari mchangani.

Mama aliendelea kupalilia kama vile hakumsikia. Mdachi alipokwenda zake, alinituma nikatafute miche. Tulipanda minazi juu ya mstari ule ule, mmoja baada ya mwingine. Muhogo hung'olewa, akaniambia, lakini mwenye mnazi haondoki kirahisi.

Kisha mkuu wa wilaya, Mwingereza, akaitisha baraza la kuhimiza watu wafyeke vichaka vya mbu. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye neno. Wanaume wakatazama chini. Mama akasimama.

"Bwana, ni kweli mnataka kuturudisha kwa Mdachi?"

"Hayo ni mambo ya London, mama. Serikali inatafuta amani ya dunia nzima."

"Na sie, hatumo duniani?"

Jumbe wa mtaa wetu akampungia mkono akae. Mama akajitanda kanga vizuri, akabaki wima.

"Vita vile vya kwanza, Mdachi alimchukua mume wangu kubeba mizigo. Ukaja wewe Mwingereza, ukamchukua kaka yangu kubeba ya kwako. Hakurudi hata mmoja. Hamkuniletea hata kanzu niililie. Leo ndio mmelijua neno kurudisha?"

Nilijua atafungwa. Lakini yule Mhindi, ambaye mbele ya wakubwa husema ndiyo bwana tu, akainuka. "Na mie sikubali," akasema. Wakainuka wengine, hata wale waliokuwa wakitazama chini. Mkuu wa wilaya akavaa kofia yake, akafunga baraza.

Hatukurudishwa. Vita vilipoanza, askari wa Mwingereza walimpakia jirani yetu kwenye lori, wakaenda naye kizuizini. Mhindi akamwambia mama, "Umeona? Wametutetea."

"Wamejitetea," mama akajibu. "Ingewafaa kututoa, wangetutoa."

Hazikupita siku nyingi wakaja kuandikisha vijana wa kwenda kupigana nchi za mbali, na wanawake tukaitwa barabarani tuwapigie vigelegele. Jumbe mwenyewe alifika mlangoni kutuhimiza. Mama alimwamkia kwa adabu, akamkaribisha maji ya kunywa. Kisha akaniambia niketi, tuendelee kusuka ukili wetu wa mkeka. Nikaketi. Ngoma zilipopita nje, hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.