Tulikomea Tisini na Saba

Nakumbuka siku moja ya mvua kubwa, mwanangu, na natamani ningeisahau. Wewe unanionyesha kwenye simu namba tasa iliyopatikana kwa mashine, ndefu hata vitabu haviitoshi, unafurahi. Furahi tu. Mimi namba ya tarakimu tano ilinishinda, na aliyeumia si mimi.

Lilikuwa shindano la hesabu la parokia, hapa hapa Lubumbashi, wawili wawili. Mwenzangu aliitwa Odile, binti wa mchimbaji wa Kipushi aliyeachishwa kazi. Washindi wangesomeshwa mpaka wamalize shule. Odile asiposhinda, masomo yake yamekwisha. Mimi baba yangu alikuwa akifanya kazi relini, sikuwa na wasiwasi.

Tulipewa 10403. Je, ni tasa, yaani haigawiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Unaigawa kwa namba tasa moja moja, mbili, tatu, tano, saba, unapanda hivyo hivyo, hadi ufikie ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita namba uliyopewa. Kwa mkono, ee Mungu wangu! Tulipofika tisini na saba vidole vilikuwa vinauma.

"Bado moya," Odile akasema. "Mia na moya."

"Aa, weye nawe! Iko premier hii, tuandike." Hivyo ndivyo tulivyoziita namba tasa shuleni. Nikaandika, nikapeleka.

Mia na moja mara mia na tatu, mwanangu. Ndiyo hiyo 10403.

Mwalimu wetu, mzee mpole, alitutazama mmoja mmoja. "Namba haikuchoka. Muntu njo alichoka. Nani alisema muachie hapo?"

Mtu ndiye aliyechoka, na mtu huyo ni mimi; nikatazama viatu vyangu. Odile hakunitaja. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akigawa, watu wakadhani kosa ni lake, nami nikawaacha wadhani. Nilimaliza shule, nikafundisha hesabu mpaka nikastaafu. Yeye alikwenda Sakania kuuza unga na sabuni mpakani.

Juma lililopita tulimzika. Kwenye kilio binti yake alinishika mkono. "Papa, mama alikuwa anasema weye njo ulikuwa na akili. Eti yeye njo alikosa hesabu."

Alinificha hata kwa mtoto wake! Nilitaka kusema. Watu walikuwa wanaimba, nikaitikia wimbo pamoja nao. Wazee husema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amezeeka nami nyumba moja.

Basi shika haya. Ukichoka, sema umechoka, usiseme kazi imekwisha. Mwenzako akikwambia bado moja, msikilize, hata kama anakuudhi. Na ukikosa, kiri mwenzako angali hai, maana mimi nimekiri kaburini kwake na sikujibiwa kitu.

Kesho napanda basi kwenda Sakania kumwambia binti yake kweli. Naogopa, sikufichi. Mungu akupe subira niliyoikosa, akufungue kinywa mapema, wala asikupe mwenzako wa kukubebea aibu yako hadi kaburini.