Msiba Tuliofukuzwa Weston

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimefundisha Kifaransa sekondari kwa miaka mingi, na siku moja msichana wa kidato cha tatu akaniuliza, kwa adabu zote, kama nimewahi kuishi na Wafaransa. Nikasema sijawahi. Akauliza tena kama basi nimewahi hata kula nao. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani nikalala nalo. Ulipotokea ufadhili wa kwenda Toronto kusomea ufundishaji wa lugha, niliupokea kwa mikono miwili. Walimu wenzangu walinitania kwamba ni Anselmi peke yake anayeweza kwenda kwa Waingereza kutafuta Wafaransa.

Septemba ya mwaka 2008 nilipanda ndege Dar es Salaam. Mke wangu alinisindikiza na karanga za kukaanga na onyo moja: nikiingia kwa watu, nisijifanye najua. Nilimwitikia kama waume wanavyoitikia. Tulibadilisha ndege Amsterdam, na tulipotua Toronto karanga zilikuwa zimekwisha na nilikuwa nimeshaanza kuwakumbuka watu wote, hata wale nisiowapenda.

Weston, mtaa mmoja wa Toronto, ndiko nilikofikia. Chuo kilinitafutia chumba kwa mzee mmoja Mfaransa na mkewe, katika nyumba ndogo ya matofali karibu na Mto Humber. Mzee Gérard alikuwa fundi lifti mstaafu, mwenye mikono mipana na ubishi usiokwisha. Mkewe, Madame Hélène, alikuwa mwembamba na mtaratibu, na kila kitu chake kilikuwa na mahali pake. Walitoka Lyon zamani wakiwa vijana. Mtoto hawakujaliwa. Tulizungumza Kifaransa tupu, nami hapa nakiandika kwa lugha yetu.

Wiki za kwanza nilijikwaa kila siku. Asubuhi nilimsalimu Madame, naye akaitikia vizuri. Tulipokutana tena mchana kwenye ngazi, nikamsalimu tena, nikamuuliza habari za tangu asubuhi. Akanitazama kwa wasiwasi.

"Anselme, tumeshasalimiana leo. Umesahau?"

Kumbe kwao kumsalimu mtu mara ya pili ni kama kumwambia kwamba ile ya kwanza hukumwona. Mimi niliyelelewa kusalimia mpaka mate yakauke, nikajifunza kupita mtu ngazini kimya. Mezani nako ilikuwa vita. Mzee Gérard na mkewe walibishana kuhusu jibini, kuhusu serikali, kuhusu filamu waliyoiona ujana wao, sauti zikipanda, hata usiku wa kwanza nilidhani ndoa inavunjika mbele yangu. Kisha mzee akammiminia mkewe divai akaendelea kula. Milango ndiyo iliyonishinda zaidi. Katika nyumba ile kila mlango ulifungwa, na ukifungwa hukuugusa. Kwetu mlango hufungwa kwa ajili ya mwizi.

Hata hivyo mzee alinipenda. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi langu lilingoja mpaka Desemba, likaja koleo la theluji. Alisimama mlangoni na sweta lake la kijivu, akinielekeza na kunicheka.

"Unaongea kama kitabu," aliniambia, "na unazoa theluji kama unachota uji."

Jumapili nilikuwa nakwenda ibada ya Kiswahili hapo hapo Weston, na huko ndiko nilikojuana na Mama Furaha. Alikuwa mama wa Bukavu, Kongo, mkimbizi wa siku nyingi, akifanya kazi ya kuhudumia wazee. Alinipokea kama mdogo wake, akanilisha fufu, ugali wa kwao wa muhogo, akanisikiliza nikilalamika juu ya milango.

Februari mzee Gérard alianguka jikoni. Gari la wagonjwa lilimchukua, Madame akaenda naye, na siku ya pili yake akarudi peke yake kwa teksi. Nilikuwa sebuleni. Alivua viatu, akavipanga, akaniambia, "Gérard amefariki asubuhi hii." Nikasimama nimshike mikono. Akanigusa bega, akasema asante, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nilikaa nikingoja. Simu ililia mara chache, akaijibu huko huko ndani kwa sauti ya chini. Hakuna aliyebisha hodi. Jirani alipita nje na mbwa wake kama siku zote. Giza liliingia na mjane yule alikuwa bado peke yake nyuma ya mlango, na mimi, mtu mzima niliyelelewa na watu, niko sebuleni nimekunja mikono. Niliona haya. Niliona kwamba mama yangu angenisikia angenikana. Nikampigia Mama Furaha.

"Bwana yake amekufa, na iko peke yake?" aliuliza. "Hapana, Mwalimu. Kesho tunakuya."

Kesho yake mchana walikuja kweli, akina mama wa Kongo wa pale ibadani na waume zao, na masufuria ya maharagwe, na mikeka. Viatu vilijaa mlangoni. Tulisogeza makochi ukutani kama inavyotakiwa, tukakaa chini, wakaanza kuimba taratibu nyimbo za kufariji. Moyo wangu ulitulia. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Kanada niliona nyumba imekaa kama nyumba ya watu.

Akina mama walifanya kile wanachofanya akina mama msibani: walivamia jikoni. Walisugua, walipangusa, waliosha kila kikombe. Nyuma ya mlango wa jikoni lilikuwa linaning'inia lile sweta la kijivu, mahali mzee alipolitundika kabla ya kuanguka. Mama Furaha aliona ni aibu nguo ya marehemu kukaa pale chafu mbele ya wageni. Akalifua kwa mkono, kwa sabuni, kwa uangalifu kama la kaka yake, akalitundika bafuni lichuruzike.

Madame alitoka chumbani amechana nywele na kuvaa vizuri. Alizunguka chumba kizima akimpa kila mtu mkono. Alikuwa mweupe kuliko kawaida, lakini hakuruka hata mmoja. Kisha akaenda jikoni. Nilimwona akitazama nyuma ya mlango.

"Sweta liko wapi?"

"Nimelifua, Madame," Mama Furaha alijibu kwa Kifaransa, akitabasamu kwa upole.

Alikwenda bafuni akarudi nalo. Aliketi kwenye kiti kimoja kilichobaki katikati, akaliweka mapajani, maji yakamlowesha sketi na kutiririka sakafuni. Alilipeleka usoni, akavuta pumzi, akalishusha. Wimbo ulikufa wenyewe.

"Anselme, nani amewaita?"

"Mimi, Madame."

"Waambie nawashukuru. Na waondoke."

Hapakuwa na cha kutafsiri. Wakongo wote walijua Kifaransa, walimwelewa. Walikusanya masufuria yao, wakavaa viatu. Mama Furaha aliondoka wa mwisho, uso ameuinamisha, na nilimwonea uchungu kuliko hata nilivyomwonea mjane. Mtu wa kwetu hufukuzwa arusini, hufukuzwa kazini. Sijawahi kusikia amefukuzwa msibani.

Jioni Madame alinieleza kwa maneno machache. "Harufu yake ilikuwa humo. Nilitaka kukaa nayo siku tatu au nne. Sasa ni sabuni." Hakupaza sauti. Akaongeza kwamba ingefaa nitafute chumba kingine.

Mazishi yalifanyika wiki iliyofuata, mwili ukachomwa kwa desturi ya familia yao, na waliohudhuria ni walioalikwa. Mimi sikualikwa. Niliketi chumbani na suti yangu nimeivaa, kwa mtu niliyekula naye meza moja tangu Septemba. Nililia kwa hasira. Nilijiambia kwamba hawa si watu, ni milango, na nikaapa sitakanyaga tena pale.

Kingsview Village nilihamia mwezi huo, katika ghorofa refu la Dixon Road, kwa Mtanzania mwenzangu aitwaye Hamisi. Palikuwa na kelele za watoto na harufu ya vitunguu korido nzima. Nikiwasalimu watoto wake kwa Kiswahili waliitikia kwa Kiingereza bila kuacha kutazama televisheni. Nilisoma, nikafanya mitihani, nikapita majira mengine ya baridi ambayo siyakumbuki vizuri, maana siku zilifanana. Weston nilikwenda Jumapili tu, na njia ya mtoni niliikwepa.

Juni ya mwaka 2010, siku chache kabla ya kurudi nyumbani, nilimpigia simu Madame kumuaga. Nilifanya hivyo kwa adabu tu. Aliniambia nije siku ile ile.

Alikuwa amekonda sana. Alinipa kahawa, tukaketi sebuleni, tukazungumza masomo yangu. Kisha akauliza habari za yule mama aliyefua sweta. Nikasema hajambo. Akazungusha kikombe chake.

"Baada ya wiki mbili nilikuwa tayari kupokea watu," alisema. "Kadi za pole zilikuwa zimekwisha kuja, simu zimenyamaza. Nikawa nasikiliza mlango. Nilijua rafiki zangu hawatabisha, wao wananiheshimu. Nilidhani mtabisha nyinyi."

"Ulitufukuza, Madame."

"Siku ile, ndiyo. Siku ile moja."

Tangu wakati ule, mwaka na zaidi, mwanamke yule alikuwa amekaa akitegea sikio watu ambao mimi, niliyeapa kutokanyaga pale, sikuwarudisha kwake.

Jioni hiyo nilimsimulia Mama Furaha nikamwomba awe anapita kumwona.

"Minamuonea huruma, Mwalimu. Lakini mutu akikufukuza ku kilio, haurudie. Miye siwezi."

Sikumlaumu. Nilipanda ndege Alhamisi, na Toronto niliyoiacha nyuma ilikuwa na mjane mmoja mlango umefungwa na upande wa pili hakuna mtu.

Nyumbani Morogoro walinipokea kwa vigelegele, na Kihonda nzima ilikuja kunitazama nilivyonenepa. Yule msichana wa lile swali alikuwa amekwisha maliza shule. Nilitaka kumwambia kwamba nimekula na Wafaransa, nimebishana nao, na kwamba mpaka leo sikubali kwamba tulikosea kwenda kumkalia Madame matanga. Tulikosea kuona kwamba kufukuzwa mara moja ndio mwisho wa udugu. Yeye alitaka siku zake, sisi tukataka heshima yetu, na kila mmoja alipata alichotaka.

Mwezi wa nane alifariki jirani yetu, Mzee Kibwana. Tulijazana kwake kama desturi, turubai likafungwa, wali ukapikwa, watu wakalala nje. Baada ya siku tatu matanga yakaanuliwa, turubai likarudi kwa mwenyewe, na kila mtu akashika lake. Nilipita pale kila siku nikienda kazini nikiona mlango wa mjane umerudishiwa.

Wiki ya tatu nilibisha hodi. Mjane, Mama Zuhura, alifungua akiwa na upawa mkononi, akatazama nyuma yangu kuona nimekuja na nani.

"Mwalimu, matanga tulishaanua. Umekuja na lipi?"

"Sina neno, mama. Nimekuja kukaa tu."

Alinivutia kigoda, naye akaketi kizingitini. Alianza kuniambia habari za bei ya mkaa, akaishia katikati, akaweka upawa chini, akalia kama aliyefiwa asubuhi ile. Alisema tangu watu waondoke hakuna mtu aliyemuuliza hali.