Gurudumu la Kocha Mkuu

Siku ya kwanza kazini nilifika na shahada ya sayansi ya michezo ndani ya bahasha ya plastiki, nikingoja mtu aiombe. Kocha Mkuu wa klabu ya baiskeli, hapa Nyeri mjini, alinipa spana.

"Wewe wa yunivasiti, kaza hiyo nati. Karatasi tutasoma mvua ikinyesha."

Mvua ilinyesha miaka mingi. Hakuisoma.

Aliamini dawa moja tu ya moyo na pumzi: baiskeli ya gia moja ambayo pedali zake zimefungwa na gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, miguu nayo lazima izunguke, hata kwenye mteremko. Mimi nilitetea baiskeli ya gia nyingi: panda kilima kwa gia nyepesi, mapigo ya moyo yasipande ovyo, kisha ushuke ukipumzika. Tulibishana Nanyuki, alikonituma kufundisha kwenye barabara tambarare, na tukabishana Mukurweini, ambako hata kikombe cha chai hupati pa kukitua.

"Ati apumzike?" alikuwa akiniuliza mbele ya wanafunzi. "Na moyo wake ukitaka kupumzika, utauruhusu?"

Wanafunzi walicheka. Nami nilicheka nao.

Alipofika miaka sabini, moyo ulimlaza hospitalini wiki tatu. Daktari alimruhusu kuendesha tena, mradi asijikaze vilimani. Nilijua hatakubali gia. Kwa hiyo, akiwa bado kitandani, nilitoa gurudumu la nyuma la baiskeli yake nyeusi, nikafunga jingine la gia saba. Sikumwuliza. Nilidhani namwokoa. Nikiri pia kwamba nilidhani nimeshinda ubishi.

Siku aliyotoka alipitia karakana. Aliinua tandiko, akasukuma pedali kinyumenyume, kama alivyozoea, kuona gurudumu likifuata. Halikufuata. Pedali ilizunguka bure, tik-tik-tik-tik.

"Ni nani amefanya hii kitu?"

"Ni mimi, Kocha. Daktari alisema..."

"Daktari alisema niendeshe. Wewe umesema nimeisha."

Aliiegemeza ukutani, akaenda nyumbani kwa miguu. Jumatatu nilirudisha gurudumu lake la zamani, nikampelekea baiskeli. Hakuipanda tena. Miezi saba baadaye tulimzika kwao Gakindu. Sitasema kukaa bila kuendesha ndiko kulikomuua. Shahada yangu haifiki huko. Ninajua tu kwamba alikaa.

Nimestaafu mwaka huu, mapema, kwa sababu ya magoti. Vijana bado huniuliza ipi inaujenga moyo zaidi. Huwajibu: ya gia moja kwa barabara tambarare, ya gia nyingi kwa milima na kwa umri. Kisha huwaambia wamwulize mwenye moyo kabla ya kushika spana.

Mjane wa Kocha alinipa ile baiskeli nyeusi. Kila mteremko, pedali zinayavuta magoti yangu kwa nguvu. Lile gurudumu la gia saba bado linaning'inia msumarini kwenye karakana, na najua kulifunga. Ila sina wa kumwomba ruhusa.